Anueni Karafuu: Utangulizi wa Elimu ya Hali ya Hewa

Nilikulia Pemba, katika nyumba yenye sakafu ya kuanikia karafuu mbele yake. Msimu ukifika, kazi yetu watoto ilikuwa kuchambua karafuu, kuzitandaza juu ya majamvi, na kukaa chonjo. Bibi yetu alikuwa akikaa barazani akisuka ukili, na ungedhani hana habari na mbingu. Kumbe anayo. Jua likiwa bado kali, ghafla utamsikia: "Anueni karafuu." Tulinung'unika, tukakunja majamvi, tukakimbilia ndani. Mara nyingi jamvi la mwisho lilikuwa halijavuka kizingiti matone ya kwanza yalipogonga bati.

Siku moja nilimuuliza amejuaje. "Mjukuu wangu," akasema, "tazama mambo matatu. Upepo uliokuwa ukivuma umekata. Wingu lililokuwa limelala, sasa limesimama kama mnara. Halafu ngoja ubaridi ukuguse shingoni. Ubaridi ule ukikugusa, huna muda tena."

Nimeisoma na kuifundisha elimu ya hali ya hewa kwa miaka mingi, na bado sijapata mlango mzuri wa kumwingiza mgeni kuliko maneno yale. Elimu hii yote, pamoja na setilaiti, rada na kompyuta zake, inatafuta kitu alichokuwa akikitafuta bibi: muda wa kuanua. Yeye aliupata wa dakika kumi hivi. Sisi leo, kwa baadhi ya mambo, tunaupata wa siku kadhaa. Nataka kukuonyesha muda huo unatoka wapi, na kwa nini mvua inayonywesha mashamba na dhoruba inayobomoa nyumba ni watoto wa mama mmoja.

Hewa, uzito na upepo

Kwanza tutenganishe maneno mawili yanayochanganywa kila siku. Hali ya hewa ni ya leo, kesho na wiki hii: joto, upepo, mawingu, mvua. Tabianchi ni mazoea ya mahali kwa miaka mingi, na wataalamu huyapima kwa wastani wa miaka 30. Ukisema Aprili ni mwezi wa masika, umesema la tabianchi. Ukiuliza kama Alhamisi itanyesha, umeuliza hali ya hewa.

Pili, hewa ina uzito. Meta moja ya ujazo ya hewa ya pwani ina uzito wa zaidi ya kilo 1, na hewa yote iliyorundikana juu ya kila meta ya mraba ya ufuo ni karibu tani 10. Hatuusikii mzigo huo kwa sababu unatusukuma kila upande, ndani na nje. Katika miaka ya 1640, Mwitaliano Evangelista Torricelli alijaza zebaki katika bomba la kioo, akaligeuza juu ya bakuli, na zebaki ikashuka kisha ikasimama kwenye kimo cha sentimita 76 hivi. Kilichoizuia isimwagike yote ni hewa iliyokuwa ikilala juu ya bakuli. Kimo hicho ndicho kipimo cha mgandamizo wa hewa. Ukipanda juu, hewa iliyobaki juu yako hupungua: kileleni Kilimanjaro, meta 5,895, mgandamizo ni karibu nusu ya ule wa Tanga mjini.

Jua halipashi dunia sawasawa. Nchi kavu hupata moto upesi na kupoa upesi, bahari hukawia kwa yote mawili. Mahali palipopata moto hewa hutanuka na kupanda, mgandamizo wa chini hupungua, na hewa ya jirani huja kujaza nafasi. Kuja huko ndiko upepo. Kwa sababu dunia inazunguka, upepo unaosafiri mbali hupinda: kaskazini mwa ikweta huelekea kulia, kusini mwa ikweta huelekea kushoto.

Watu wa pwani waliishi kwa kanuni hii kabla haijaandikwa vitabuni. Kuanzia Desemba hadi Februari bara la Asia limepoa, hewa yake nzito inamiminika kuja kwetu, nasi tunaiita Kaskazi. Majahazi ya Oman, Ghuba na Bara Hindi yalishuka nayo. Katikati ya mwaka Asia inawaka moto, upepo unageuka, Kusi inavuma, na majahazi hayohayo yanarudi kwao. Ukanda wa mvua hulifuata jua, nao huivuka ikweta mara mbili kwa mwaka. Ndiyo maana sehemu kubwa ya Kenya, pwani ya kaskazini ya Tanzania na visiwa vyake hupata masika kuanzia Machi hadi Mei na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Mikoa ya kusini na magharibi mwa Tanzania, iliyo mbali zaidi na ikweta, hupata msimu mmoja mrefu.

Kuni za dhoruba

Sasa tuingie jikoni. Bandika sufuria ya maji juu ya jiko la mkaa. Yatachemka mapema, lakini ukitaka yakauke yote, mkaa utakuishia. Kuyageuza maji yaliyochemka kuwa mvuke kunakula joto karibu mara 7 ya lile lililoyafikisha kwenye kuchemka. Joto hilo halipotei. Limejificha ndani ya mvuke, na mvuke ukigeuka tena kuwa maji, hulirudisha. Ndiyo maana mvuke wa sufuria ukikupiga mkononi unaunguza kuliko unavyotarajia.

Jua likipiga Bahari ya Hindi linafanya kazi ya jiko lile. Mvuke unapanda na joto lake limefichwa ndani. Ukifika juu, ambako kuna baridi, unageuka kuwa matone madogo, yaani wingu, na kulimwaga joto lile ndani ya hewa inayouzunguka. Kila kilo ya mvuke inayogeuka maji hutoa joule milioni 2.5 hivi. Chukua mvua ya milimita 20, mvua ya alasiri tu, ikinyesha juu ya kilometa moja ya mraba. Hayo ni maji tani 20,000. Joto lililotolewa yalipotoneka ni sawa na umeme ambao Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lingeuzalisha kwa zaidi ya saa 6 mitambo yake yote ikizunguka. Tena hiyo ni kilometa moja ya mraba.

Ukiushika ukweli huu mmoja, nusu ya somo umeimaliza. Mvuke ni kuni. Dhoruba ni moto uliopata kuni nyingi na mahali pazuri pa kuwakia.

Wingu linaposimama

Hewa kavu ikipanda hupoa kwa karibu nyuzi 1 kila meta 100. Ikipoa kuliko hewa iliyo pembeni yake huwa nzito, nayo hurudi chini. Siku kama hiyo tunasema hewa imetulia, na mawingu hubaki madogo, yaliyolala. Lakini hewa yenye mvuke ikishaanza kutengeneza wingu hupata lile joto lililofichwa, hivyo hupoa polepole zaidi. Ikibaki na joto kuliko majirani zake itaendelea kupanda, na kadiri inavyopanda ndivyo inavyozidi kupata nguvu. Hapo hewa haijatulia.

Basi ili dhoruba ya radi ipatikane vinahitajika vitu vitatu: unyevu wa kutosha chini, hewa isiyotulia juu, na kitu cha kuanzisha safari ya kupanda. Kitu hicho chaweza kuwa mlima, joto la adhuhuri, au pepo mbili zinazokutana. Bibi alipoona wingu limesimama kama mnara, alikuwa ameona vyote vitatu vikishikana. Mnara ule, katika nchi zetu za joto, unaweza kufika kilometa 15 kwenda juu, zaidi ya mara mbili ya kimo cha Kilimanjaro.

Kukata kwa upepo nako kuna sababu. Wingu linalokua huvuta hewa kutoka pande zote. Mahali ambapo upepo wa kawaida unakutana na ule unaovutwa na wingu, pepo hizo mbili huzuiana, na majani ya mnazi hutulia.

Na ubaridi shingoni? Ndani ya mnara matone hukua, mengine huganda yakawa barafu, mpaka mkondo unaopanda unashindwa kuyabeba. Yanaanza kuanguka. Yakianguka huburuta hewa pamoja nayo, na baadhi yake hukauka njiani na kula joto la hewa hiyo, kama jasho linavyopoza ngozi. Hewa iliyopozwa ni nzito. Inaporomoka, inagonga ardhi na kutawanyika kwa kasi mbele ya mvua yenyewe. Ubaridi uliomgusa bibi ulikuwa umetoka ndani ya tumbo la wingu dakika chache zilizopita. Kwa shamba, huo ni ujumbe. Kwa ngalawa au ndege inayotua, mporomoko huo ukiwa mkali ni hatari kubwa.

Katika mchafuko huohuo vipande vya barafu hugongana na kupeana chaji za umeme, vyepesi vikaenda juu na vizito vikabaki katikati na chini, mpaka hewa ishindwe kuzuia tofauti hiyo. Radi inapopita, hewa ya njiani hufikia nyuzi 30,000 hivi, hutanuka kwa kishindo, na hicho kishindo ndicho ngurumo. Mwanga hukufikia papo hapo, sauti huchukua karibu sekunde 3 kwa kila kilometa. Ukihesabu tatu tu kati ya mwanga na ngurumo, uko ndani ya hatari. Ingia kwenye nyumba iliyofungwa vizuri, wala usikimbilie chini ya mwembe.

Afrika ya Mashariki na Kati ni shule kuu ya mambo haya. Kwenye milima ya chai ya Kericho na Nandi, nchini Kenya, kumewahi kuhesabiwa zaidi ya siku 100 za mvua ya mawe kwa mwaka, kwa sababu hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria inapandishwa na milima kila alasiri. Kabare, mashariki mwa Kongo, ndiko kunakoongoza Afrika kwa radi: vipimo vya setilaiti vilivyochapishwa mwaka 2016 vilionyesha miale 205 kwa kila kilometa ya mraba kwa mwaka.

Lakini mfano unaonigusa zaidi ni Ziwa Victoria. Mchana, nchi kavu ina joto kuliko ziwa, upepo unatoka majini kwenda bara, na radi zinapiga huko milimani. Usiku mambo yanapinduka. Nchi kavu inapoa, upepo unatoka pande zote za ufuo na kuingia ziwani, mikondo inakutana katikati, na hewa iliyobanwa hivyo haina pa kwenda isipokuwa juu. Chini yake pana maji ya uvuguvugu, kilometa za mraba zaidi ya 68,000, yakitoa mvuke usiku kucha. Sasa mfikirie mvuvi wa dagaa. Kazi yake ni ya usiku, tena usiku usio na mwezi, ili dagaa waifuate taa. Yuko kwenye mtumbwi katikati ya ziwa saa ileile dhoruba inapozaliwa, na gizani haoni mnara wa wingu. Ubaridi ukimgusa shingoni, ufuo uko mbali. Huyu ndiye anayehitaji taarifa kabla hajaondoka ufukweni, na kwa ajili yake elimu hii inastahili kudaiwa mengi.

Kimbunga

Chamchela inayozungusha vumbi kiwanjani hatuiiti kimbunga katika elimu hii. Kimbunga cha kitropiki ni mkusanyiko wa dhoruba nyingi za radi uliojipanga kuzunguka kitovu kimoja, wenye upana wa mamia ya kilometa. Kuni zake ni zilezile, mvuke. Maji ya bahari yakifika nyuzi 26.5 au zaidi, tena si juujuu tu bali hadi kina cha makumi ya meta, mvuke unakuwa tele. Unapanda, unatoa joto, mgandamizo wa chini unapungua, hewa zaidi inavutwa, nayo inapopita juu ya bahari inazoa mvuke zaidi. Moto unajichochea wenyewe, mradi pepo za juu zisiupasue. Kusini mwa ikweta mzunguko unafuata mwelekeo wa mishale ya saa. Katikati pana jicho, mahali pa utulivu wa kudanganya: upepo hurudi baada ya muda mfupi, ukitokea upande wa pili.

Kujizungusha huko kunategemea ule mpindo wa upepo nilioutaja, na mpindo huo hufifia kadiri unavyoikaribia ikweta. Ndani ya nyuzi 5 hivi za latitudo, vimbunga havizaliwi kwa urahisi. Mombasa iko nyuzi 4, Dar es Salaam karibu 7, Mtwara imepita 10. Ongeza kwamba vimbunga vyetu kwa kawaida huelekea magharibi kisha kusini, na kwamba Madagaska imesimama mbele ya Msumbiji kama ngao iliyojaa matundu. Ndiyo maana Msumbiji hupigwa mara kwa mara, na sisi kwa nadra.

Nadra haina maana ya kamwe. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, wakati wa Sultani Barghash. Merikebu zake ziliharibiwa bandarini, na sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa iling'olewa. Pemba iliponea, na tangu hapo ikawa kisiwa kikuu cha karafuu. Sakafu niliyokulia juu yake ilikuwa na historia ya upepo ule ndani yake, ingawa sikulijua hilo mpaka nilipokuwa mtu mzima. Mikarafuu inachukua miaka mingi kuzaa. Hebu fikiria mkulima wa Unguja asubuhi ya 16 Aprili, ambaye hakuna aliyemwambia aanue chochote.

Linganisha na Mei 2024. Kimbunga Hidaya kilifuatiliwa kwa setilaiti kikiwa bado mbali baharini. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa taarifa mfululizo, safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zikasitishwa, na kilipofika Mafia tarehe 4 Mei kilikuwa kinapoteza nguvu. Mvua yake hata hivyo iliikata barabara ya kwenda Lindi huko Somanga. Hapa pana somo la kudumu: jina la kimbunga hubebwa na upepo, lakini mara nyingi muuaji ni maji. Kimbunga Idai kilipoingia Beira usiku wa 14 kuamkia 15 Machi 2019, watu zaidi ya 1,000 walikufa Msumbiji, Zimbabwe na Malawi, na mafuriko yaliwafikia wengi mbali na pwani.

Tena maji hayahitaji kimbunga. Mwaka 1999 wanasayansi walieleza jinsi upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, wetu sisi, unavyoweza kupata joto kuliko kawaida wakati ule wa Indonesia umepoa. Hapo kuni zinarundikwa mlangoni kwetu, na vuli inafurika. Ilikuwa hivyo mwaka 1997, 2019 na 2023. Mwaka 2023 El Nino, ile hali ya Bahari ya Pasifiki kupata joto kuliko kawaida, nayo ilishirikiana, na tarehe 3 Desemba tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang, Tanzania, hadi mji wa Katesh, vikaua makumi ya watu.

Muda unavyotafutwa

Oktoba 1859 meli Royal Charter iliangamia kwa dhoruba kwenye pwani ya Wales, na watu zaidi ya 400 walikufa. Robert FitzRoy, mwanamaji wa Uingereza, aliona jambo rahisi: dhoruba husafiri, na simu ya telegrafu inasafiri upesi kuliko dhoruba. Kituo kinachopigwa sasa kinaweza kukionya kituo kitakachopigwa kesho. Mwaka 1861 alianza kutuma ishara za kupandishwa bandarini, na mwaka huohuo utabiri wake ukaanza kuchapishwa gazetini. Kila onyo unalolisikia redioni leo ni mjukuu wa wazo hilo.

Utabiri wa sasa hufanywa kwa hesabu. Tunapima hewa ilivyo, kisha kompyuta inakokotoa itakavyokuwa. Lakini mwaka 1961 mtaalamu wa hali ya hewa Edward Lorenz, huko Marekani, aliingiza katika kompyuta yake 0.506 badala ya 0.506127, na baada ya muda matokeo mawili yakaachana kabisa. Hewa haisamehe tofauti ndogo. Ndiyo maana leo hesabu hurudiwa mara nyingi kwa vianzio vilivyotofautiana kidogo. Majibu yakikubaliana tuna uhakika, yakitawanyika tunasema hivyo, na hiyo ndiyo maana ya neno "uwezekano" katika taarifa za tahadhari.

Watu hukasirika wakisikia "mvua katika maeneo machache" halafu kwao pakabaki pakavu. Irudie ile sufuria. Unajua itachemka, na unajua saa yenyewe kwa kukadiria. Huwezi kusema povu la kwanza litatokea wapi. Utabiri ule umetaja sufuria, haukutaja povu.

Nakualika uanze leo, bila kifaa cha gharama. Kila siku saa 9 alasiri andika upepo unakotoka, umbo la mawingu, na mvua iliyoingia katika kopo lenye kuta zilizonyooka uliloliweka uwanjani. Milimita 1 ni lita 1 kwa kila meta ya mraba: mvua ya milimita 20 juu ya paa la meta za mraba 50 ni lita 1,000 za maji. Baada ya masika moja utaisikiliza taarifa ya habari kwa sikio jingine.

Zipo siku bibi alikosea. Tulianua, wingu likapita zake, jua likawaka tena. Tukatandaza upya huku tukimtazama kwa lawama. Hakuwahi kuomba radhi, wala hakuwahi kuacha kutuita. Alijua jasho la kukunja majamvi ni dogo kuliko karafuu za msimu mzima kulowa, na alijua kwamba akichelewa mara moja tu, mara zote alizopatia hazitamfaa. Atakapokuambia mtaalamu kwamba uwezekano ni wa wastani na athari ni kubwa, ukumbuke sauti ile ya barazani, kisha uinuke ushike pembe ya jamvi.